Je, Sayansi Itaufuta Uzee?

Mwaka 1961, mwanasayansi Leonard Hayflick wa Marekani alionyesha kuwa seli za mwanadamu zinazokuzwa maabarani hugawanyika takriban mara 50, kisha hukoma. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Japani alizirejesha seli pevu za panya katika hali ya uchanga. Tangu hapo wako wanaotumai kuwa siku moja uzee utatibiwa kama maradhi. Hata hivyo, aliyethibitishwa kuishi umri mrefu kuliko wote, Jeanne Calment wa Ufaransa, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122.

Utafiti si dhambi. Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu, maana kila maradhi yana dawa, ila aliutoa uzee. Basi elimu ikiwapunguzia wazee wetu maumivu, ni neema; ikiahidi kuyafuta mauti, imevuka mpaka wake.

Ndugu msomaji, tusingojee ahadi hiyo ilhali mama yu chumbani peke yake, hana wa kuzungumza naye. Uzee hauna dawa. Upweke wa mzee unayo, nayo i mikononi mwetu. Leo, baada ya Alasiri, twende tukaketi naye.