Tiki pekee haitengenezi breki

Nilipoacha chuo, kibarua changu cha kwanza kilikuwa kukagua matatu za sako fulani kila alfajiri. Taa, tairi, breki: natia tiki, karatasi inalala kwenye droo, gari linaingia barabarani. Siku moja niliandika "breki mbovu". Jioni gari hilo hilo likagonga ukuta wa steji. Bahati tu, hakuna aliyeumia.

Siku hizi orodha iko kwenye simu. Lakini wasee, usipoipa maagizo, hiyo ni karatasi yenye chaji tu. Fungua mipangilio ya swali: jibu likiwa "mbovu", programu idai picha, imtumie fundi kazi papo hapo na kumwekea muda. Ukipita, bosi aarifiwe. Gari libaki stejini hadi fundi naye atie tiki yake.