Namna za Kufunga Jeraha la Kupasuliwa

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kumwona mtu aliyetoka hospitali, naye ana kovu lililonyoka kama mstari. Na wengine wamekwisha kuuliza kwa nini huyu ameshonwa kwa uzi, yule amebanwa kwa vibanio vya chuma, na wa tatu ameachwa jeraha lake wazi. Twataka kulieleza neno hili, maana wako watu waliopata madhara kwa kutojua sababu yake.

Kazi hii si ngeni katika nchi zetu. Mwaka 1879 daktari Mwingereza, Robert Felkin, alikuwako Kahura katika Unyoro, akamwona mganga wa huko akimpasua tumbo mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Mganga alijiosha mikono na kuliosha tumbo la mgonjwa kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Alipokwisha kumtoa mtoto, aliikutanisha midomo ya jeraha, akaipenya kwa sindano saba za chuma zilizosuguliwa sana, akazifunga kwa kamba ya magome ya mti. Juu yake alipaka mizizi iliyotafunwa, akaifunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Sindano zilitolewa kidogo kidogo, na siku ya sita zilikuwa zimekwisha. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona, mama na mtoto wote wawili wa hai. Habari hiyo ilichapwa Edinburgh mwaka 1884.

Katika hospitali uzi ndio wenye kazi nyingi kupita vyote. Uzi wa hariri hauyeyuki upesi mwilini, basi ukishonewa ngozi hauna budi kutolewa. Uzi wa matumbo ya kondoo au ng'ombe huyeyuka wenyewe, nao ulitumika sana kushonea nyama za ndani, mpaka zilipopatikana nyuzi zilizotengenezwa na mafundi wa dawa ambazo huyeyuka kwa muda unaojulikana.

Vibanio vya chuma huokoa wakati. Mashine ya kwanza ya kubania matumbo ilitumiwa na Humér Hültl huko Budapest mwaka 1908, nayo ilikuwa nzito mno. Kwa ngozi, vibanio humaliza kwa dakika chache kazi ambayo uzi hukawia. Lakini kwa mama aliyepasuliwa ili kuzaa, uchunguzi umeonyesha ya kuwa jeraha lililobanwa hufumuka mara nyingi kuliko lililoshonwa. Basi wepesi si kila kitu.

Iko na gundi pia, ambayo serikali ya Marekani iliruhusu mwaka 1998 itumiwe kwa ngozi. Yafaa kwa jeraha dogo, safi, lisilovutwa na kiungo. Gundi ya dukani si hiyo, wala mtu asiithubutu.

Sasa twafika penye ugomvi. Mtu amekatwa na panga shambani, au ameumwa na mbwa. Udongo na mate vimeingia ndani. Daktari huliosha jeraha, huliweka kitambaa, asilishone. Jamaa hunung'unika wakidhani mgonjwa wao amedharauliwa, nao humchukua kwenda kwa mtu atakayemshona siku ile ile. Hilo ni kosa kubwa. Jeraha chafu likifungwa, uchafu hufungiwa ndani pamoja nalo: hutunga usaha, na vidudu vya pepopunda hupenda mahali pasipopata hewa. Madaktari wa vita ya 1914 hadi 1918 walijifunza neno hili kwa kupoteza askari wengi. Kwa hiyo hungoja siku nne au tano, wakaona jeraha li safi, ndipo wakashona. Sindano ya kuzuia pepopunda huchomwa siku ya kwanza, bila kungoja.

Nyuzi za uso hutolewa siku ya tano hivi. Za mguu hukaa hata siku kumi na nne, maana mguu huvutwa kila hatua. Mgonjwa aliyepewa siku ya kurudi asijikatie nyuzi kwa wembe nyumbani.