Dawa ya Busia na Mashine ya Presha

Habari za dawa nafuu kutoka Busia, mpakani, si ngeni mtaani Makina, Nairobi. Mfanyakazi mwenzako anakwambia alivuka upande wa Uganda, akanunua dawa za presha kwa bei ambayo Nairobi huipati, na tangu hapo yu mzima. Kumtilia shaka si kumwita mwongo. Safari huenda ni ya kweli, na bei vilevile. Wala dawa za Uganda si duni kwa kuwa ni za Uganda: kiwanda cha Luzira, Kampala, kilichofunguliwa mwaka 2007, hutengeneza dawa za UKIMWI na malaria. Lisilo na ushahidi ni hilo la mwisho, kwamba yu mzima kwa sababu ya dawa hiyo. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kumeza vidonge vya unga mtupu kwa miezi asihisi lolote, huku mishipa ikizidi kuharibika. Wa kuulizwa hapo ni mashine ya kupimia, si mgonjwa. Mafua nayo huisha yenyewe, umeze usimeze, kwa hiyo kupona peke yake si ushahidi wa dawa. Tena hata dawa halali inaweza kuharibika njiani: insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikisafirishwa ndani ya mkoba tu, kwenye basi la kutoka Busia, inaweza kufika imeharibika hata kama ilinunuliwa ikiwa nzuri.

Kuna watakaosema shaka hii inayafaidi makampuni makubwa yanayotaka tununue ghali. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba sheria ya bidhaa bandia ya 2008 ilitishia haki ya wagonjwa kupata dawa nafuu zisizo na jina la kampuni asilia. Kwa hiyo unafuu wenyewe si kosa. Wengine watauliza: kwani kemisti za Nairobi ni safi? La. Mwaka 2011 dawa bandia ya UKIMWI, Zidolam-N, iligunduliwa humu humu Kenya, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 hivi ni bandia au haifikii viwango. Lakini ile ya 2011 ilikuwa na namba ya toleo, ndiyo maana iliweza kufuatiliwa. Je, vidonge vya mwenzako, vikija vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, vitafuatiliwa kwa lipi?

Basi kabla hujampa mwenzako pesa akuletee na wewe, mwombe pakiti. Soma jina la dawa, miligramu, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Ukiona alama kwamba ni mali ya serikali ya Uganda, isiyouzwa, jua kuna mgonjwa huko aliyenyimwa dawa yake. Kisha nendeni zahanati, mkapimwe presha.