Mabaka meupe kwenye ngozi ya mtoto: Panya walivyosaidia kuonyesha chanzo

Mama anamwogesha mwanawe na kuona doa jeupe pembeni mwa mdomo. Wiki chache baadaye jingine linatokea kidoleni, kisha gotini. Madoa hayaumi. Yanayouma ni maneno: jirani anasema mtoto karogwa, shangazi anauliza mama alikula nini akiwa mjamzito, na shuleni wenzake wanakataa kumshika mkono.

Kitaalamu ugonjwa huo huitwa vitiligo. Wengi wanaujua kama mbalanga. Hauambukizi, na hautokani na uchafu wala chakula alichokula mama. Inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 0.5 na 2 ya watu duniani wanao, na takriban nusu yao huanza kuugua kabla ya kufikisha miaka 20.

Chanzo ni kinga ya mwili kumkosea adui. Seli nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vimelea, hugeukia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi na kuziua. Pale zinapokufa hubaki baka jeupe.

Kwa nini panya?

Daktari hawezi kumpa mtu ugonjwa ili aone unavyoanza. Panya wa kawaida naye hakufaa sana, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wake seli za rangi zimo kwenye mashina ya manyoya, si kwenye ngozi ya juu kama ilivyo kwa binadamu.

Mwaka 2012, timu ya Dk John Harris wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, ilieleza njia ya kuvuka kikwazo hicho. Walitumia panya waliobadilishwa vinasaba ili seli za rangi zibaki kwenye ngozi ya juu. Kisha wakawachoma seli nyeupe kutoka kwa panya wengine, nazo zikiwa zimeandaliwa kuzitambua seli za rangi. Baada ya wiki kadhaa, mabaka yalitokea masikioni, mkiani na miguuni, huku manyoya yakibaki na rangi yake.

Hapo ndipo mambo yalipoonekana hatua kwa hatua. Seli nyeupe zinazoshambulia hutoa kemikali iitwayo interferoni gama. Ngozi nayo hujibu kwa kutoa nyingine, CXCL10, ambayo ni kama mbiu ya kuita seli nyeupe zaidi. Mwaka 2014 timu hiyo iliripoti kuwa panya wagonjwa walipozuiwa CXCL10, rangi ilianza kurudi. Kemikali hiyo hiyo ilikutwa kwa wingi kwa wagonjwa wa vitiligo.

Kutoka maabara hadi krimu

Ujumbe wa interferoni gama hupita ndani ya seli kwa msaada wa vimeng'enya vinavyoitwa JAK. Dawa za kuvizuia zilikuwepo tayari kwa magonjwa mengine. Krimu ya mojawapo, ruxolitinib, ilijaribiwa kwa wagonjwa 674. Baada ya wiki 24, karibu watu 3 kati ya 10 walioipaka walikuwa wamepona mabaka ya uso kwa asilimia 75 au zaidi. Kwa waliopaka krimu isiyo na dawa, ni karibu 1 kati ya 10. Julai 2022, Marekani iliiidhinisha kwa wenye miaka 12 na kuendelea.

Hata hivyo, si muujiza. Wengi hawakufikia kiwango hicho, na mabaka yanaweza kurudi dawa ikiachwa. Panya wameonyesha sababu mojawapo: baadhi ya seli nyeupe hubaki ngozini zikiwa na kumbukumbu ya adui wao, tayari kuanza upya.

Mzazi afanye nini?

Mpeleke mtoto kwa daktari wa ngozi mapema, maana si kila doa jeupe ni vitiligo. Fangasi na hata ukoma huweza kuleta madoa. Epuka mkorogo na krimu kali za kununua bila ushauri. Kinga sehemu zenye mabaka dhidi ya jua, kwani huungua haraka.

Zungumza pia na mwalimu wa darasa. Mtoto anayejua kueleza kwamba ugonjwa wake hauambukizi, na mwalimu anayemuunga mkono mbele ya wenzake, huondoa nusu ya mzigo hata kabla dawa haijapatikana.