Shamba la Yquem: Mjane Alilishika, Warithi Wakaliachia

Ndugu msomaji, usinitolee macho. Mvinyo kwetu ni haramu, na sikuja kuusifia. Nimekuja na kisa cha shamba na urithi.

Shamba lenyewe ni Château d'Yquem, huko Sauternes, kusini mwa mji wa Bordeaux, Ufaransa. Ukoo wa Sauvage ulilishika tangu 1593. Mwaka 1785 binti wa ukoo huo, Françoise-Joséphine, aliolewa na Louis-Amédée de Lur-Saluces. Miaka mitatu baadaye mumewe akaanguka kutoka juu ya farasi, akafa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, mjane huyo alitiwa jela mara mbili. Shamba hakuliachia. Mpaka uzeeni alilisimamia mwenyewe.

Ajabu ya Yquem ni kwamba zabibu zake huachwa zioze. Karibu na hapo mto Ciron, wenye maji baridi, hukutana na mto Garonne ulio na maji ya vuguvugu. Msimu wa mavuno, ukungu hutanda asubuhi na jua huwaka mchana. Hali hiyo huleta aina ya kuvu inayotoboa ganda la zabibu. Maji hutoka, sukari hubaki. Wachumaji hupita shambani mara kadhaa, kila mara wakichuma tembe zilizoiva kwa kuoza tu. Ndiyo maana mzabibu mmoja husemwa hutoa kiasi cha glasi moja.

Na mwaka ukiwa mbaya, hakuna chupa itakayotoka na jina la Yquem. Ndivyo ilivyokuwa 1972, 1974, 1992 na 2012. Hasara ya mwaka mzima huimeza wenyewe, mradi jina lisichafuke.

Lakini mwaka 1996 baadhi ya jamaa waliuza hisa zao kwa kampuni kubwa ya LVMH. Alexandre de Lur-Saluces, aliyekuwa msimamizi, akapinga mahakamani. Ugomvi ulipoisha 1999, shamba lilikuwa la kampuni.

Jela na mapinduzi havikuweza kulitoa shamba lile mikononi mwa ukoo. Warithi waliweza. Sisi mafungu ya mirathi tumeshapangiwa katika Kurani, hatuna cha kubishania. Lakini kukaa kitako na ndugu zetu tuamue shamba la babu litaishije baada ya kugawanywa, hilo ni jukumu letu, na wakati wake ni sasa, wazee wangali hai.