Ziara ya kirafiki: mgeni analala nyumbani kwa nani?

Klabu ikipanga kwenda kuitembelea klabu rafiki ng'ambo, swali la kwanza mkutanoni huwa nauli. La pili ni viza. Lile linaloamua kama safari itazaa chochote huja mwishoni, pengine lisije kabisa: wageni watalala wapi? Kundi likifikia hotelini, huo ni utalii, hata kama pande mbili zimebadilishana vijibendera na kupiga picha ya pamoja mbele ya ofisi ya meya. Likilala majumbani mwa wanachama, hapo ziara ya kubadilishana imeanza.

Utaratibu huu haukuzuka wenyewe. Mwaka 1972 Jimmy Carter, wakati huo gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, alifika Recife, mji wa jimbo la Pernambuco nchini Brazili, akakutana na Wayne Smith, mchungaji Mmarekani aliyekuwa mmisionari huko. Mwaka uliofuata watu wa Georgia walikwenda kukaa majumbani mwa watu wa Pernambuco, na wa Pernambuco wakaenda Georgia. Carter alipokuwa rais, tarehe 1 Machi 1977 aliwakusanya magavana wa majimbo Ikulu akawatangazia kwamba mpango ule sasa utavuka mipaka ya jimbo lake, kwa jina la Friendship Force. Tarehe 5 Julai mwaka huohuo watu wa Atlanta walipanda ndege ya kukodi kwenda Newcastle upon Tyne, kaskazini ya England. Ndege ileile ikarudi Atlanta na watu wa Newcastle.

Ndege hiyo inastahili kuangaliwa vizuri. Kwa upande wa hesabu, ilipunguza nauli kwa sababu haikuruka tupu upande wowote. Lakini ilifanya jambo kubwa zaidi: kila mji ulikuwa mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja. Hakuna aliyekaa upande wa kutoa tu, wala aliyekaa upande wa kupokea tu. Baadaye kukodi ndege kukawa ghali, na siku hizi makundi ya watu ishirini hivi husafiri kwa ndege za kawaida na kukaa karibu wiki moja kwa kila klabu mwenyeji. Mengi yamebadilika, ila kitanda cha nyumbani kimebaki.

Kabla ya Friendship Force, tangu mwaka 1949, jumuiya ya Servas iliyoanzia Denmark ilikuwa ikifanya jambo la aina hiyo kwa msafiri mmojammoja: analala siku mbili, halipi, anaendelea na safari. Kwa klabu, siku mbili hazitoshi. Siku ya kwanza na ya pili kila mtu yuko kwenye adabu zake. Waswahili walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe, na waratibu wenye uzoefu hulishika hilo neno kwa neno: kuanzia siku ya tatu mgeni asaidie kuosha vyombo, amsindikize mwenyeji sokoni, akae na watoto wakifanya kazi za shule. Mazungumzo ya kweli huanzia hapo. Ndiyo maana nashauri ratiba ya wiki iachwe na siku moja tupu kabisa, bila ziara ya kiwandani wala mbugani wala chakula cha jioni na mstahiki meya. Viongozi hupenda kuijaza siku hiyo. Wasiijaze.

Kazi kubwa ya mratibu hufanyika miezi mingi kabla, kwenye fomu ya kulinganisha wageni na wenyeji. Fomu nzuri haiulizi jina na umri tu. Inauliza: unaweza kupanda ngazi? Unavuta sigara? Unakoroma, na utakubali kulala chumba kimoja na mwenzako? Una dawa zinazohitaji friji? Unakula nini na huli nini? Mwislamu kutoka Tanga au Mombasa anayepelekwa Ulaya anastahili kuulizwa mapema kuhusu nyama, na kuhusu mbwa anayelala ndani, kwa sababu katika nyumba nyingi za huko mbwa ni mmoja wa familia na hatatolewa nje kwa ajili ya mgeni. Jibu likijulikana mapema, mratibu humtafutia nyumba nyingine bila mtu kuona haya. Likijulikana mlangoni, pande zote mbili zinaumia.

Chakula kina mitego yake. Katika nyumba nyingi za Ujerumani mlo wa jioni ni mkate, jibini, vipande vya nyama baridi na matango ya siki, na huliwa mapema. Mgeni kutoka Mwanza huchukua vipande viwili kwa heshima, akijua chakula chenyewe kinakuja. Hakiji. Hicho ndicho kilichokuwa chakula, naye analala na njaa huku mwenyeji akidhani wageni kutoka Afrika wanakula kidogo. Kwetu kosa huelekea upande wa pili. Mama mwenye nyumba huchinja kuku, hupika pilau, huongeza samaki, kachumbari na chapati, mara mbili kwa siku, na mgeni haruhusiwi kukanyaga jikoni. Kufika siku ya nne amechoka na pesa ya mwezi imekwisha. Wengine huhamisha watoto sebuleni ili mgeni apate chumba, na mgeni anapogundua siku ya tatu anaona aibu isiyosemeka. Kupika kinacholiwa nyumbani siku zote, na kumweleza mgeni ukweli kuhusu vyumba, ni heshima kubwa kuliko karamu.

Nyumba ndogo isimzuie mtu kushiriki. Klabu za Friendship Force zina wanachama wasiolaza mgeni: mmoja humpokea kwa mlo wa jioni, mwingine humtembeza mchana kutwa. Kwa mitaa yetu mpango huo unafaa sana. Na kwa Tanzania, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wapewe taarifa kabla mgeni hajafika.

Viza ndiyo inayovunja ziara nyingi za Waafrika Mashariki. Kwa nchi za Schengen ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Maombi huruhusiwa kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, majibu hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15 lakini yanaweza kufika 45, na bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Barua ya mwaliko ya klabu peke yake ni nyepesi. Ujerumani, kwa mfano, mwenyeji anaweza kwenda kwenye ofisi ya uhamiaji ya mji wake na kutia saini tamko la kubeba gharama za mgeni, na karatasi hiyo ina uzito. Mwombaji naye aonyeshe kinachomrudisha nyumbani: ajira, biashara, familia.

Hapo ndipo usawa wa ile ndege ya 1977 unapotikiswa. Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu 1966, na uhusiano wa aina hiyo hudumu pale watu wanapokwenda pande zote mbili. Wenyeji matajiri wakilipia nauli zote, urafiki hugeuka kuwa ufadhili polepole, na bahasha za maombi ya karo huanza kupenyezwa usiku wa kuagana. Msimamo wangu ni huu: mgeni asiombwe kitu chochote akiwa chini ya paa lako. Kama kuna mradi, klabu iiandikie klabu rafiki baada ya ziara. Na afadhali klabu ichange kwa miaka miwili ipeleke watu wanne kwa nauli yao, kuliko kupeleka ishirini kwa nauli ya wengine.

Viongozi wa klabu mnaosoma makala haya, kwenye mkutano ujao acheni nauli kwanza. Ulizeni nani yuko tayari kulaza mgeni wiki nzima, na nani atamkaribisha kwa mlo mmoja. Mkipata nyumba sita, andikeni barua ya kwanza kwa klabu rafiki.