Mutoto Munene na Sukari ya Mimba

Hapa Lubumbashi mutoto akizaliwa na kilo ine na nusu, jamaa yote inafurahi. Bamama wanapiga vigelegele, baba anatembea kifua mbele. Furaha ile si mbaya. Lakini munganga anayemupokea mutoto ule anajiuliza swali lingine: je, damu ya mama ilikuwa na sukari kiasi gani?

Iko ugonjwa wa sukari unaomushika mwanamuke wakati wa mimba tu. Unaingia namna hii. Bukari, mukate na viazi vyote vinageuka sukari katika damu. Ili sukari ile ipate kuwa nguvu ya mwili, inaomba insulini, ambayo mwili wenyewe unaitengeneza katika kongosho. Sasa kondo, ile nyama inayomulisha mutoto tumboni, inatoa homoni zinazopinga insulini, juu sukari ibaki katika damu na mutoto apate kula. Kwa wanawake wengi kongosho inaongeza kazi mara mbili ao tatu, na mambo yanakwenda muzuri. Kwa wengine inashindwa.

Sukari ya mama inapita kwa mutoto, lakini insulini ya mama haipiti. Muangalie vizuri hapa, juu matata yanatoka hapo. Mutoto anapokea sukari mingi, basi anatengeneza insulini yake mwenyewe mingi, na ile insulini inamunenepesha, zaidi kwenye mabega na tumbo. Siku ya kuzaliwa kichwa kinatoka, mabega yanakwama. Mufupa wa bega unaweza kuvunjika, ao mishipa inavutwa na mukono unalegea. Mara nyingi inaomba kumupasua mama. Tena, wakikata kitovu, sukari ya mama inakatika pale pale, lakini insulini ya mutoto ingali mingi. Sukari yake inaanguka, anatetemeka, anaweza hata kushikwa na degedege, na watu wangali wanasifu unene wake! Ndiyo sababu mutoto sawa ule anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza. Na mama mwenyewe anaweza kupandwa na damu, hata kupata kifafa cha mimba. Wengine mutoto anafia tumboni.

Wazee walisema: sisimizi wakikusanyika pahali mutu amekojoa, mutu yule ana sukari. Si uongo, lakini kwa mimba haitoshi. Mama wa mimba anaweza kupitisha sukari katika mukojo bila kuwa mugonjwa, na mugonjwa wa kweli mara nyingi hasikii kitu. Inaomba kupima damu, kati ya juma la 24 na la 28. Mama anakuja asubuhi bila kula, anapimwa, anakunywa maji yenye gramu 75 za glukozi, kisha anapimwa tena saa moja na saa mbili nyuma. Tangu 2013 OMS inasema: 92 bila kula, 180 kisha saa moja, 153 kisha saa mbili (miligramu katika desilita). Akifika hata hesabu moja tu ya hizi, ana sukari.

Nchini Tanzania, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulikuta karibu wanawake 8 kwa 100 mujini, na 1 tu kwa 100 vijijini. Sisi wa Katuba, Kenya na Ruashi tunakula namna ya muji: bitumbula asubuhi, sukre muchana, chai ya vijiko vine mangaribi.

Dawa yake si kufunga chakula. Mama apunguze bukari, aongeze lengalenga, maharagi na samaki, aache sukre, atembee kwa miguu kila siku. Kwa wengi hiyo inatosha. Wengine wanachomwa insulini, ile iliyopatikana Toronto mwaka 1921 na Banting na Best. Mbele yake, wanawake wenye sukari walizaa kwa shida, na wengi walikufa. Bamama wanaogopa kwamba sindano itamuumiza mutoto. Lakini tumekwisha kuona: haipiti.

Kisha kuzaa, sukari inashuka kwa wengi. Hata hivi mama arudi kupimwa kati ya juma la 6 na la 12, juu hatari yake ya kushikwa na sukari ya kudumu inapita ya wengine karibu mara kumi.